GWX ndani ya Silent Hunter III: nilivyoiweka Arusha na safari ya kwanza ya nyambizi

Kwenye laptopu yangu, yenye prosesa ya i5 ya zamani, RAM ya GB 8 na diski ya kuzunguka, kampeni ya GWX, modi (nyongeza iliyotengenezwa na mashabiki) ya gemu ya nyambizi Silent Hunter III, ilichukua dakika 11 kupakia mara ya kwanza. Mstari wa kupakia ulifika karibu na mwisho, ukasimama. Kijana wa jirani aliyekuja kuangalia akaniambia, "Kaka, imeganda hii, izime tu." Haikuwa imeganda. Watu wengi huizima hapohapo, wakarudia, wakaizima tena, halafu wakaenda kusema modi ni mbovu. Iache ifanye kazi yake. Wakati huo inapanga bandari, viwanja vya ndege, misafara na meli za mizigo za bahari nzima, na zote zitatembea kwa ratiba zao hata usipokuwepo kuziona.

Silent Hunter III ilitoka Machi 2005, imetengenezwa na Ubisoft Romania. Unaongoza nyambizi ya Kijerumani katika Vita Kuu ya Pili. GWX, yaani Grey Wolves Expansion, ilitengenezwa na watu waliojitolea, na haiuzwi. Niliyoweka ni 3.0 Gold. Kuiita modi ni kuipunguzia heshima, kwa sababu imebadilisha karibu kila kitu isipokuwa injini yenyewe ya gemu.

Kuiweka ndiko kulikonisumbua kuliko kuicheza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Anza na gemu safi isiyo na modi nyingine hata moja, iliyofikia toleo la 1.4b. Kama una diski ya mtumba ya mwaka 2005, achana nayo: ina ulinzi wa StarForce, wa kuzuia kunakili, ambao Windows za sasa hazipatani nao. Nunua ya kupakua. Mimi nilitumia bando la usiku, na faili za GWX nazo nikazipakua usiku uliofuata kwa programu inayoweza kuendelea pale ilipokatikia. Masika umeme hukatika bila taarifa, modemu ikazimika nayo, na faili ikikatika katikati kisakinishi hukubali kuanza kisha hukwama mbele ya safari.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuiacha gemu ndani ya Program Files. Windows inailinda folda hiyo. Gemu ikijaribu kuandika humo, maandishi yanapelekwa kimyakimya kwenye folda nyingine iitwayo VirtualStore, na kuanzia hapo una faili za aina mbili zinazogombana. Nilikuwa nawasha mabadiliko na hayaonekani. Dawa ni kuiweka gemu C:\Games au diski nyingine kabisa tangu mwanzo. Kosa la pili: sikufuta folda ya SH3 iliyo ndani ya Documents. Humo ndimo zinamokaa kampeni zilizohifadhiwa na mipangilio, na za gemu ya awali haziendani na GWX. Ifute, au ihamishie kwenye flashi kama bado unaipenda, halafu ndiyo usakinishe. Kisakinishi kikiuliza gemu iko wapi, kielekeze mwenyewe kwenye folda sahihi.

Kabla ya kufungua gemu, kipe sh3.exe kiraka cha GB 4. Programu hii ni ya biti 32, na kwa kawaida inaruhusiwa kutumia GB 2 tu za kumbukumbu hata kama mashine ina 16. Kwa GWX hazitoshi, na dalili yake ni gemu kujifunga ghafla inapomaliza kupakia au ukiwa karibu na bandari kubwa. Kwenye Windows ya biti 64, kiraka kinausogeza mpaka huo hadi GB 4. Weka nakala ya sh3.exe ya asili pembeni kwanza.

GWX inakuja na JSGME, programu ndogo ya kuwasha na kuzima nyongeza. Upande wa kushoto zimo nyongeza za hiari, kulia zilizowashwa. Kwa mashine kama yangu ya muhimu ni Lite Harbor Traffic, inayopunguza vyombo bandarini. Bila hiyo, kutoka bandari ya Kiel, Ujerumani, picha ilikuwa inarukaruka. Ipo pia ya kuongeza umbali wa kuona hadi km 16 badala ya km 8 za kawaida. Hizo km 16 ni mbali kuliko kutoka mjini hadi Tengeru, na inapendeza sana, lakini inailemea mashine dhaifu. Nimeiacha. Sheria moja usiivunje: nyongeza zinawashwa na kuzimwa nyambizi ikiwa bandarini, kamwe si katikati ya safari. Ukizibadili baharini, kampeni uliyohifadhi inaweza isifunguke tena.

Na kuhifadhi kwenyewe kuna masharti, ambayo hayatokani na GWX bali na gemu ya asili. Hifadhi ukiwa juu ya maji, pasiwe na meli wala ndege karibu, na kila mara tumia jina jipya, usiandike juu ya lile la zamani. Ukihifadhi chini ya maji, au ukiwa umezungukwa na msafara, faili hufunguka ikiwa na kasoro au haifunguki kabisa. Mimi naongeza sharti la kwetu: betri ya laptopu iwe na chaji, au UPS iwe hai. Umeme ukikatika wakati faili inaandikwa, umepoteza safari nzima.

Nilianza Agosti 1939 na flotila (kikosi cha nyambizi) ya 1, Kiel, kwenye nyambizi ya aina ya IIA. Ni ndogo kweli: urefu wa mita 40.9, mirija 3 ya torpido yote upande wa omo (mbele), torpido 5 tu, na hakuna mzinga mkubwa wa sitaha. Wageni wengi wanakimbilia aina ya VII yenye torpido hadi 14. Ushauri wangu ni kinyume. Ukiwa na torpido 5 unajifunza kuhesabu, kwa sababu huna za kutupa. Tena Agosti vita havijaanza. Uingereza ilitangaza Septemba 3, na ukipiga meli yake kabla ya hapo unakatwa alama. Siku hizo nilizitumia kujifunza kuzama, kuibuka, na kutumia vitufe: C kuzama kwa dharura, P kina cha periskopu (darubini ya nyambizi), Z kwenda kimya, S kuibuka.

Badala ya kuizunguka Denmark nilipita Mfereji wa Kiel. Ni km 98, zaidi kidogo ya Arusha hadi Moshi. Kwa mwendo wa noti 8 (maili za baharini kwa saa) ni saa sita na nusu hivi, na kwa kuharakisha muda mara 32 ni kama dakika 12 mezani. Usizidishe hapo. Ukingo uko karibu, na alama za njia ulizopanga zikikata kona, nyambizi inapanda ukingoni kabla hujashusha kasi. Bahari wazi naenda mara 256, ambapo saa 24 za doria ndani ya eneo ulilopangiwa zinakwisha kwa chini ya dakika 6. Gemu inaruhusu hadi 1024, ila kwa GWX ndege huwa imeshafika juu yako kabla walinzi hawajapaza sauti.

Hapa ndipo tofauti na gemu ya kawaida inapoanza kuonekana. Kule mwanzo nilikuwa nakutana na meli kila nikigeuka. Kwenye GWX niliizunguka Bahari ya Kaskazini siku mbili za gemu bila kuona moshi. Ni kama kukaa ndani ya basi stendi ukisubiri lijae. Kilichonisaidia ni kuzama hadi mita 20, kusimamisha mota kabisa, na kukaa mwenyewe kwenye haidrofoni, kifaa cha kusikiliza chini ya maji, badala ya kumwachia fundi wa sauti. Sikio lako linashika propela ambazo yeye hajaziripoti. Zungusha gurudumu polepole duara zima, kisha ibuka, kimbia saa moja au mbili, zama tena. Meli ya mizigo ina mpigo mzito wa taratibu. Manowari ina mpigo wa haraka.

Meli ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya nchi isiyo vitani, imewasha taa zote usiku. Iache ipite. Ya pili, siku tatu baadaye, ilikuwa ya Uingereza, giza tupu.

Kupata kasi yake nilitumia kanuni ya dakika 3 na sekunde 15. Weka alama kwenye ramani pale meli ilipo, washa saa, baada ya dakika 3 na sekunde 15 weka alama ya pili, pima umbali. Kila mita 100 ni noti 1. Yangu ilitembea mita 800, kwa hiyo noti 8. Si uchawi: noti moja ni mita 1,852 kwa saa, na kwa sekunde 195 za saa hiyo unapata kama mita 100.

Baada ya hapo nilijiweka mbele ya njia yake, nyambizi imesimama, omo ikielekea kwenye mstari wake kwa pembe ya digrii 90. Mkao huu ndio ninaoupendekeza kwa anayeanza kulenga kwa mkono, kwa sababu torpido inakwenda moja kwa moja na umbali wa meli hauna tena uzito mkubwa. Kilichobaki ni kujua ufyatue meli ikiwa digrii ngapi kabla ya kufika mbele ya omo. Gawanya kasi ya meli kwa kasi ya torpido, tafuta pembe yenye tanjenti hiyo. Torpido ya umeme inakwenda noti 30. Meli ya noti 8 inatoa digrii 15. Meli ya noti 6 ni 11, ya noti 10 ni 18. Yangu ilikuwa inatoka kushoto kwenda kulia, hivyo nilielekeza periskopu 345, nikaweka pembe ya meli (kati ya omo yake na mimi) 75 kulia, kasi 8, nikangoja ikate uzi wa katikati. Umbali ulikuwa mita 1,000 hivi. Torpido ya noti 30 inazimaliza kwa sekunde 65.

Ya kwanza ilifika na haikulipuka. Nilikuwa nimeipanga ilipuke kwa sumaku, ipite mita 1 chini ya meli, na bahari ilikuwa na mawimbi. Hili si kasoro ya modi. Wajerumani wenyewe waliteswa na torpido zao miaka hiyo: vifyatuzi vya sumaku vilishindwa, nyingine zikapita chini zaidi ya kina kilichowekwa, na huko Norway Aprili 1940 hasara ilikuwa kubwa. Ya pili niliiweka ilipuke kwa kugonga, kina cha mita 3, na pembe ya 90 ikafanya kazi. Kifyatuzi cha kugonga hakipendi ubavu wa kuchepuka.

Meli haikuzama. Kwenye gemu ya asili meli ina kiasi cha nguvu, ukikimaliza inakwisha. GWX inaachia maji yafanye kazi. Iliinama upande wa tezi (nyuma), ikasimama, ikakaa hivyo kwa saa mbili na zaidi. Nilitamani sana kufyatua ya tatu. Nikajizuia, nikashusha periskopu, nikasogea pembeni. Ilizama yenyewe alfajiri. Kwa mwenye torpido 5, subira hiyo ni sawa na nusu ya silaha zote.

Meli za ulinzi nazo zimekuwa kali. Nilichojifunza kwa kupigwa: ukiwa mita 100 au zaidi chini, nenda noti 2, kimya, mkiwapa tezi ili umbo lenu lionekane dogo kwenye mawimbi ya sauti yao. Wakipita juu kabisa ya kichwa sonari yao hupoteza shabaha kwa muda mfupi. Hapo ndipo pa kuongeza kasi hadi ya mwisho na kugeuka, kabla mabomu ya kina hayajalipuka, kisha urudi noti 2. Na kama bodi ya nyambizi imeshaumia, usizame kina kile ulichozoea. Kinapungua pamoja na uzima wake. Ndege usipigane nazo, zama.

Ramani ya modi inafika hadi Bahari ya Hindi na kituo cha Penang (Malaysia ya leo), na sehemu hiyo inanigusa kuliko Atlantiki. Nyambizi U-862 ilizamisha meli katika Mlango wa Msumbiji Agosti 1944. Februari 12 mwaka huohuo, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldivi. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Ninapokaa kwenye periskopu nikihesabu sekunde 65, najua kwamba upande wa pili walikuwepo watu wa kwetu.

Kwa sasa nipo Kiel. Gemu nimeihamishia kwenye SSD niliyofungiwa na fundi mjini, na kupakia kumeshuka hadi dakika 4. Lite Harbor Traffic bado imewashwa. Kabla ya kutoka tena nitajaribu ile ya km 16, bandarini hapahapa, na ikikwamisha picha nitaizima kabla sijaondoa nanga.