Viini vinne, kazi sita: uzoefu wangu wa BOINC hapa Lubumbashi

Laptopu yangu ina prosesa ya viini vinne, na kwa kuwa kila kiini hubeba nyuzi mbili, yaani kinaweza kuendesha kazi mbili kwa wakati mmoja, programu ya BOINC huiona kama prosesa nane. BOINC huazima nguvu ya kompyuta isiyotumika na kuipa miradi ya kisayansi, ambayo hutuma hesabu zake kwa vipande viitwavyo kazi. Ninaiachia Rosetta@home, mradi wa Chuo Kikuu cha Washington unaochunguza maumbo ya protini, pamoja na World Community Grid, ambao umewahi kusaidia utafiti wa dawa za malaria na wa bakteria wa kifua kikuu. Hayo ni magonjwa tunayoyajua vizuri mtaani kwetu Katuba, na ndiyo maana sipendi kuona nguvu ya prosesa ikipotea bure.

Ndugu mmoja anayesifika mjini kwa ujuzi wa kompyuta aliniambia: "Washa zote nane, halafu punguza muda wa prosesa hadi asilimia 50, haitachemka." Ushauri huo unaniudhi hadi leo, kwa sababu bado unasambazwa. Kipimo cha muda hakiipunguzii prosesa kasi. Kinazisimamisha kazi zote kwa kitambo kifupi, kinaziachia, kisha kinazisimamisha tena. Kwenye programu ya kupima joto niliona mstari ukipanda na kushuka kama meno ya msumeno, huku feni ikivuma, ikitulia na kuvuma tena usiku kucha. Isitoshe, kazi zote nane zilibaki zimejaa kwenye memori: kazi moja ya Rosetta inaweza kula zaidi ya gigabaiti moja, nami ninazo 8 tu, kwa hiyo data ilianza kuhamishiwa kwenye diski na hata kufungua barua pepe kukawa mateso.

Nilirudisha muda kwenye asilimia 100, nikapunguza idadi ya prosesa badala yake. Swali likabaki: zitumike ngapi? Uzi wa pili hauna vifaa vyake vya kukokotoa, bali hugawana na mwenzake vile vya kiini kimoja, kwa hiyo kazi zikiongezeka kila moja huchelewa. Rosetta haifai kupimia jambo hili, kwa kuwa kazi zake hufuata muda uliopangwa tangu mwanzo. Ikizidiwa hutoa maumbo machache zaidi, lakini saa zinabaki zile zile. Nilitumia kazi za World Community Grid za kutafuta viashiria vya saratani, nikahesabu zilizokamilika kwa siku. Sita kwa pamoja zilizaa zaidi kuliko nne, lakini nane hazikuzidi sita, kwani joto liliifanya prosesa ijipunguzie kasi yenyewe. Nikaweka asilimia 75 ya prosesa, yaani sita kati ya nane.

Jambo ninalojivunia zaidi ni faili dogo la mipangilio, app_config.xml, nililoliweka ndani ya folda ya Rosetta, lenye mstari wa project_max_concurrent na namba 3. Rosetta haivuki tena kazi tatu, nafasi nyingine huchukuliwa na kazi nyepesi, na memori inatosha hata nikiwa ninaandika. Mwezi wa kumi, joto likizidi kabla ya mvua, ninashuka hadi kazi nne. Vumbi jekundu la kiangazi nalo lazima litolewe kwenye feni. Fundi hulipwa faranga chache tu.

Kuhusu umeme, nimeiagiza BOINC isimame laptopu inapoingia kwenye betri na iziache kazi ndani ya memori. Umeme ukirudi kabla ya betri kuisha, zinaendelea pale pale. Betri ikiisha, zinarudi kwenye hatua ya mwisho iliyohifadhiwa diskini, na kwa baadhi ya kazi hiyo ni hasara kubwa. Akiba ya kazi zinazopakuliwa mapema ninaiweka ya siku moja na nusu hivi: inatosha kuvuka siku ambayo sina bando la intaneti, bila kupitisha tarehe ambayo seva inasubiri majibu.