Kapeti chapachapa

Jamani, joto la Dar leo si la mchezo. Kiyoyozi cha gari kinapiga baridi safi, ila miguuni kwa abiria ni bwawa.

Asubuhi mama mkwe kapanda, kavua viatu, akavipakata. Hakusema neno. Nilitamani ardhi ipasuke.

Fundi akachovya kidole, akanusa.
"Kulanti, yale maji ya kupozea injini, ingeteleza, bosi. Haya maji ya AC."

Kumbe hewa yenye unyevu ikigusa evaporeta ya baridi, ile sehemu ya AC inayopoza hewa, hugeuka maji, na yanatakiwa kutokea kwenye kipaipu chini ya gari. Kikiziba, yanamwagika ndani.

Akaingia uvunguni, akachokonoa taratibu kwa waya laini wa plastiki. Upepo wa kompresa alikataa, eti unaweza kuchomoa paipu kule ndani.

Mara chwaaa! Tope jeusi, vipande vya majani, halafu maji yote usoni kwake 😂 Hata muuza kahawa aliacha birika lake akaja kuchungulia.

Sasa kapeti nimelianika, lakini uvundo wake!

Wenzangu, mnautoaje? Magadi? Ndimu? Tupieni hapa chini. Ila msinitajie marashi ya gari, yanazidisha kichefuchefu tu.