Siku yangu na wageni wanne wanaojifunza Kiingereza, Hastings

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jua la Julai huku kusini mwa Uingereza limeshachomoza kitambo, mimi ndiyo kwanza nabandika chai. Wageni wangu wamelala: msichana kutoka Hispania, mvulana wa Kitaliano, mwenzake wa Kituruki na binti wa Kijapani. Watakaa kwangu wiki tatu, wanajifunza Kiingereza na mwalimu anayekuja hapa nyumbani. Lugha nne kwa makusudi. Mwaka mmoja nilipokea Wataliano wawili, wakamaliza kiangazi wakinong'onezana Kitaliano chao.

Saa mbili, kifungua kinywa. Msichana wa Hispania akashuka ngazi kajikunja ndani ya sweta. "Anti, I'm constipated." Masikini! Nikamwekea bakuli la plamu kavu na glasi ya maji ya uvuguvugu, nikamsimamia hadi akala saba. Mwalimu alipoingia na kusikia, alicheka mpaka akatafuta kiti. Kumbe kwao "constipado" ni mtu aliyeshikwa na mafua! Mimi nilielewa mtoto kafunga choo. Asubuhi yote hakukaa darasani dakika ishirini mfululizo.

Darasa lenyewe ni meza yangu ya kulia, saa tatu hadi saa sita. Mimi naosha vyombo huku sikio liko kwao. Watu wanne hawana kiti cha nyuma cha kujifichia. Ukinyamaza, kila mtu anajua umenyamaza. Nilisoma Tanga, sekondari ya Kiingereza tupu kwenye daftari na Kiswahili tupu uani. Nilitoka kidato cha nne naeleza usanisinuru kwa Kiingereza bila kukwama, lakini nilipofika huku nilishindwa kuomba chujio la chai dukani. Nikamwigizia muuzaji kwa mikono, akaniletea kiwavu cha watoto cha kuvulia kaa ufukweni. Nilikinunua, kwa aibu.

Saa saba na nusu tukapanda treni, robo saa tu, hadi mji wa Battle. Ni pale William wa Normandy alipomshinda Mfalme Harold tarehe 14 Oktoba 1066, na magofu ya abasia aliyoijenga bado yapo. Mwalimu akatukalisha kwenye nyasi juu ya mteremko. Ng'ombe malishoni ni "cow", neno la Kiingereza cha kale. Akifika sahanini ni "beef", neno lililotoka Kifaransa cha wale washindi. Kondoo vivyo hivyo: "sheep" zizini, "mutton" mezani. Mtaliano alikasirika kabisa: ng'ombe mmoja, maneno mawili ya nini? Nikamwambia kwetu ni nyama ya ng'ombe, basi. Ila sikujigamba sana, maana hata hii meza tumeitoa kwa Wareno na shule kwa Wajerumani.

Saa kumi na mbili jioni, jikoni. Hapa kuna sheria moja: atakayeteleza kwa lugha ya kwao anasugua sufuria la ukoko. Mturuki amelisugua siku tatu. Alikuna nazi huku akibishana na Mtaliano kuhusu mpira, kwa Kiingereza kilichovunjika kila kiungo, na wanaelewana.

Binti wa Kijapani alikuwa anakatakata vitunguu, vipande vyote sawasawa kama vimepimwa kwa rula. Sarufi yake inawashinda wote, lakini kwa siku sita sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya asante. Nikampa kijiko aonje mchuzi wa kuku. Akaonja, akatazama sakafu, akanitazama.

"Too much salt, Anti."

Kisha akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Nikaonja. Chumvi ilikuwa imezidi kweli. Nikamsogezea bakuli la tui, nikamuuliza nimimine kiasi gani, na nikakataa kumimina mpaka aseme.