Mama yako ni nani?

Pantoni ilikuwa imefurika, kama kawaida ya Jumamosi asubuhi. Ilikuwa mwaka 2014, daraja la Kigamboni halijafunguliwa, na sisi wa ng'ambo tukitaka kwenda mjini tulikuwa hatuna njia fupi nyingine: unalipa shilingi 200 yako, unangoja geti lifunguliwe, unasukumana, unavuka. Nilikuwa nimemshika mkono binti yangu wa miaka minne. Ndiyo kwanza alikuwa wiki ya tisa tangu aje kwetu kutoka kituo cha kulelea watoto. Jina lake siliandiki hapa. Ni lake, akikua ataamua mwenyewe pa kulitumia. Tulikuwa tunakwenda Kariakoo kumnunulia viatu.

Nilimwachia mkono kidogo tu, nikitafuta leso kwenye mkoba. Kuinua macho, ameshapanda mapajani kwa mwanamke aliyekaa kwenye benchi la pembeni, mtu ambaye hajawahi kumwona. Amelaza kichwa kifuani kwake. Kwa kidole kimoja anazisogeza bangili za yule mama, moja, nyingine, moja, nyingine, taratibu, kama mtoto anayekaribia kusinzia. Mimi hakuwahi kunigusa hivyo. Nikimbeba alikuwa anakakamaa kama ukuni, uso akiuelekeza mbali.

"Mchangamfu huyu," yule mama akasema akicheka. "Ni wako?"

"Wangu, dada. Njoo mama, tunafika sasa hivi."

Hakuja. Nilipomshika mkono alimkumbatia yule mama shingoni kwa nguvu zake zote, akamwambia, "Mama, twende kwako."

Kicheko kikamwisha yule mama. Watu wakageuka. Mzee mmoja wa kibaragashia akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto, akamuuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, mama yako ni nani?"

Akamgusa mwenye bangili.

"Na huyu?"

Akanitazama. Hakuwa na hofu wala hasira. "Huyu anti."

Upande wa Magogoni tulishuka nikiwa nimezungukwa. Kijana mmoja alikuwa ameshika mkanda wa mkoba wangu ili nisikimbie. Wengine walikuwa wanasema nipelekwe polisi, na mimi mwenyewe nikasema ndiyo, twendeni. Simlaumu hata mmoja wao. Wangenyamaza, na mimi nikawa kweli mwizi wa watoto, ingekuwaje? Ila ile njia fupi, na harufu ya samaki wa Feri, na binti yangu mbele yangu akiruka-ruka mkononi mwa mtu baki, sijaisahau mpaka leo.

Kwenye mkoba nilikuwa na nakala ya barua ya Ustawi wa Jamii. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kuasili hakuji siku moja: unaanza na malezi ya kambo, afisa anakuja nyumbani na kuandika ripoti, ndipo shauri linafika Mahakama Kuu. Kwa hiyo barua yangu ilisema mimi ni mlezi. Neno mama halikuwamo. Hata mbele ya sheria mtoto alikuwa amejibu sawasawa.

Askari wa kike aliisoma mara mbili, akampigia simu afisa wetu, akanirudishia. Kisha akatoa biskuti kwenye droo, akampa mtoto. Binti yangu akaipokea, akamwacha yule mama wa bangili bila hata kugeuka, akapanda mapajani kwa askari na kuanza kuchezea vifungo vya sare. "Mama," akamwita.

Yule mama wa bangili akabaki amesimama, mikono wazi. Tangu tukiwa pantoni nilikuwa nimeshikwa na wivu ambao nauonea aibu kuuandika. Uliniishia palepale, pakaingia kitu kizito zaidi. Hakuwa amemchagua yule mama na kunikataa mimi. Hakuwa amemchagua mtu yeyote. Kituoni alikolelewa tangu akiwa mchanga, walezi walifanya kazi kwa zamu, na kila anayeingia zamu aliitwa mama. Wengine waliacha kazi, wengine wakahamishwa. Alikuwa amejifunza kwamba mama ni yeyote aliye karibu saa hiyo, na kwamba ni afadhali umchangamkie mapema.

Afisa alizungumza nami kwenye simu ileile ya askari. "Kwa sasa chakula kitoke mkononi mwako," alisema. "Akianguka, umwinue wewe. Akilia usiku, uende wewe au baba yake. Wengine wamsalimie, wamchekee, lakini akiwaparamia wamrudishe kwako. Itachukua muda mrefu, mama."

Viatu hatukununua. Jioni, nikitandika kitanda chake, nilikuta ile biskuti chini ya godoro, nzima, pamoja na kipande cha mkate kilichokauka na maganda mawili ya ndizi. Niliviacha vilivyo, nikaongeza kikopo chenye maandazi mawili kando ya mto.

Kazi ngumu ilikuwa kumweleza mama mkwe. Kila alipokuja kutoka Mjimwema, alifika akimwita mjukuu wake tangu barazani, na mjukuu alimrukia kama anavyowarukia wote. Usiku ule nilimpigia simu, nikamweleza alivyosema afisa. Alikaa kimya kidogo.

"Mkono mmoja haulei mwana," akasema. "Tangu lini bibi akakatazwa kumbeba mjukuu?"

Sikuwa na jibu zuri, nikaishia kulia. Leo ningekuwa nalo. Mwaka 1954 mtafiti mmoja, Mary Ainsworth, alikwenda Uganda, akawafuatilia watoto wachanga wa familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Mikono ya kuwabeba watoto wale haikuwa ya mama peke yake, kama ilivyo kwetu. Lakini aliona mtoto anatambaa kwenda kuchungulia mambo yake, anageuka kumtazama mama, anaendelea. Akishtuka, anarudi mbio kwake. Mikono mingi inamfaa mtoto mwenye mtu wa kugeukia. Binti yangu alikuwa bado hajampata.

Kesho yake, Jumapili, mama mkwe alikuja na mfuko wa machungwa. Mara hii hakuita barazani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama usoni, akakaa. Mtoto alimwona akatoka mbio chumbani, mikono juu.

Mama mkwe akafumbata mikono yake ndani ya kanga. Nilikiona kidevu chake kikitetemeka.

"Nenda kwa mama yako," akamwambia. "Yule pale. Akubebe yeye."

Mtoto akasimama katikati ya sebule. Akamtazama bibi yake, akanitazama mimi, akamtazama tena bibi. Nikapiga magoti sakafuni, nikanyoosha mikono, nikangoja.