Alama ya Kutoa

Desemba 2009 nilirudi likizo Mtwara nikiwa na begi la madaftari na hofu. Mtihani wa kidato cha sita ulikuwa Februari. Nilikuwa PCM, yaani mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati, na tangu katikati ya kidato cha tano darasa letu halikuwa na mwalimu wa fizikia. Aliyekuwepo alihamishwa, nafasi yake ikabaki wazi hadi tunamaliza. Tulisoma kwa kugawana noti za waliotutangulia. Tulipofika kwenye sumaku na umeme, kisha fizikia ya kisasa, tulikariri fomula bila kujua zinasema nini.

Swali lililonitesa lilikuwa la mazoezi tu. Koili ya waya ya mizunguko 200, eneo lake mita mraba 0.01, imo ndani ya uga sumaku wa tesla 0.5 unaoshuka hadi sifuri kwa sekunde 0.1: tafuta volti zinazozaliwa. Hiyo niliiweza, volti 10. Sehemu ya pili ndiyo iliyonifunga: eleza kwa nini kuna alama ya kutoa katika kanuni ya Faraday, ile inayosema volti huzaliwa uga sumaku ndani ya koili unapobadilika. Daftarini nilikuwa na jibu la kunakili, kwamba Faraday aligundua jambo hili mwaka 1831, na Lenz wa Urusi akaongeza mwaka 1834 kwamba mkondo unaozaliwa hupinga kile kilichouzaa. Unapinga kwa nini? Nani kauambia upinge? Nililisoma lile jibu mara nyingi hadi nikachoka nalo.

Mama akasema, "Si uende kwa mjomba wako? Anasuka mota kila siku."

Nilikwenda kwa kumtii mama tu. Mjomba aliishia darasa la saba. Lakini kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kupita pembeni. Mama akishasema nenda, unakwenda. Kibanda chake kilikuwa Chikongola, kinanuka vanishi na waya uliounguzwa, mota za mashine za kusaga zimepangwa ukutani matumbo wazi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona umebeba madaftari kama karani wa korosho?"

Nikamsomea swali kwa Kiingereza, kisha nikalitafsiri kwa kubahatisha. Akasikiliza hadi mwisho. Hakuniambia jibu. Alikwenda nyuma ya kibanda akarudi na baiskeli ya mteja, Phoenix, akaipindua ikasimama kwa tandiko na usukani, akaiegesha dainamo, kile kijenereta cha taa, kwenye tairi la nyuma.

"Zungusha pedeli kwa mkono. Usiangalie taa. Funga macho."

Nikazungusha. Gurudumu lilikuwa na uzito kidogo. Akaniambia huo ni msuguano wa dainamo na tairi, niuzoee kwanza. Kisha akawa anaugusisha waya wa taa na kuuachia, bila kuniambia. Kazi yangu ilikuwa kusema lini umeungwa.

Mara ya kwanza nilisita. Mara ya pili mkono ulijua wenyewe. "Umeunga." "Umeachia." "Umeunga tena." Pedeli ilikuwa inaniwia nzito ghafla, kama kuna mtu ameshika gurudumu kwa kiganja, halafu anaachia. Tulirudia labda mara kumi na sikukosea hata moja. Nilipofumbua macho taa ilikuwa inawaka kwenye giza la kibanda, na mjomba anacheka.

"Nani alikuwa anakushika mkono?"

"Taa."

"Taa iko mbali, haijagusa tairi. Ni umeme wenyewe. Ukipita kwenye koili, koili nayo inageuka sumaku, inaivuta ile sumaku inayozunguka isiende. Sasa niambie wewe msomi: kama usingekushika?"

Nikafikiri. Kama usingenishika, ukiacha ule msuguano, ningezungusha mara moja tu, taa ingewaka hadi kesho bila mtu kutoka jasho. Na kama ungenisaidia badala ya kunipinga, gurudumu lingeongeza mwendo lenyewe, umeme ungezidi, mwendo ungezidi, bila mwisho.

"Umeona wapi kitu cha hivyo?"

Sijaona popote. Ile alama ya kutoa niliyoiona miezi yote kama kijiti cha wino ilikuwa imeniuma kwenye kiganja.

Hakuishia hapo. Akaniuliza umeme wa Mtwara unatoka wapi. Kila mtoto wa mjini alijua: gesi ya Mnazi Bay, kule Msimbati. Akasema, basi saa moja jioni watu wote wakiwasha taa, jenereta za mitambo zinakuwa nzito vilevile kama pedeli yako, na bila kuongezewa gesi zitapunguza mwendo. Nimesoma mengi tangu siku ile, na bado sijakutana na maelezo ya Lenz yanayozidi hayo: alama ya kutoa ndiyo inayokula gesi ya Msimbati.

Nikapata tamaa, nikafungua ukurasa wa mwanga kurusha elektroni kutoka kwenye metali. Mjomba akatikisa kichwa. "Hiyo siijui. Nieleze wewe."

Nikaanza kukariri: kwenye sodiamu, mwanga mwekundu hata uwe mkali vipi haurushi elektroni, wa zambarau hata ukiwa hafifu unarusha. Akanikatiza: "Mwanga mkali si ndio wenye nguvu zaidi? Taa nyekundu kubwa itashindwaje, taa ndogo ya zambarau iweze?"

Hapo nikakosa la kusema, nikakumbuka uani kwetu, mama mdogo anavyobangua korosho. Nikamwambia: mwanga unakuja kwa vipande, fotoni, kila fotoni ni pigo moja. Ganda lina kiwango chake. Pigo likifikia, punje, yaani elektroni, inatoka, na nguvu iliyozidi ndiyo inayoirusha. Mwanga mkali ni mapigo mengi tu, si mapigo mazito. Einstein aliyasema hayo mwaka 1905, akapewa Nobel ya mwaka 1921 kwa ajili yake. Kwa metali ya sodiamu kiwango ni kama elektronivolti 2.3, kipimo cha nishati. Fotoni ya zambarau, ya urefu wa wimbi wa nanomita 400, ina 3.1, inabaki 0.8. Nyekundu ya nanomita 700 haifiki hata 1.8.

"Lakini korosho ukiigonga pole pole mara nyingi," mjomba akasema, "ganda linalegea, mwisho linapasuka."

Nilinyamaza muda mrefu. Alikuwa amegusa mahali hasa mfano wangu unapovunjika. Nikajibu taratibu, nikijisikia ninaelewa wakati ninasema: elektroni haiweki akiba. Inapokea fotoni moja. Kama haitoshi, nguvu ile inapotelea kwenye metali kabla nyingine haijafika. Haina kulegea.

Akatazama dainamo, akasema, "Kumbe."

Kesho yake asubuhi nilirudi na maswali mengine. Kwenye mlango wa kibanda, chini ya orodha ya wadaiwa wake, kulikuwa na maandishi mapya ya chaki: 3.1 − 2.3 = 0.8. Ndani mjomba alikuwa ameshika korosho mbichi na nyundo, anamweleza mwenye Phoenix.