Dakika 30 za kitabu cha mapishi

Mimi ni mkutubi wa shule, na muhula mzima nilibandika orodha ya vitabu vipya kwenye chumba cha walimu. Wa Kiswahili na Kiingereza walikuja maktaba. Wa Sayansi Kimu, Kilimo na Sanaa sikuwaona hata siku moja, nami nikawawekea kinyongo. Nilikosea. Walikuwa na kazi zao, mimi nikiwangoja mlangoni.

Siku moja nikamwomba madam wa Sayansi Kimu nikae nyuma wanafunzi wa kidato cha nne wakijipima kwa mtihani wa upishi wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya. Mtihani ule una dakika 30 za kupanga, kisha saa moja na robo ya kupika. Wakati wa kupanga, mtahiniwa anaruhusiwa kufungua vitabu. Anaandika mapishi, utaratibu wa kazi, na orodha ya vyakula na vyombo, na kunakili kwa karatasi ya kaboni. Nikamtazama binti mmoja akitafuta maandazi. Alianzia ukurasa wa kwanza, akawa anafunua mmoja mmoja huku akitupia jicho saa ya ukutani. Dakika 11 zikaenda. Faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa zake, ilikuwa nyuma ya kitabu, na hakuna aliyewahi kumwonyesha. Iliniuma sana, maana hiyo ni kazi yangu mimi mkutubi.

Tukaelewana na madam: kila Alhamisi, katika vipindi vyake viwili vya mfululizo, dakika 20 za mwanzo zifanyike maktaba. Nikawafundisha kuisoma faharasa: ukikosa "maandazi", jaribu "unga", au "hamira". Naye akanifumbua macho kuhusu rafu yangu ya 641.5, namba ya vitabu vya mapishi. Nusu ya vitabu ni msaada kutoka Uingereza, vipimo ni wakia na pauni, na karibu kila pishi linataka tanuri. Wasichana wetu wanapikia jiko la mkaa.

Basi tukaandika kadi zetu za manila. Mahamri, viazi vya nazi, kunde za nazi. Nazi tuliikuna, tukaiweka kwenye mizani ya darasa, tukaandika gramu. Pishi ambalo madam hakulipika mwenyewe halikuingia sandukuni.

Wiki jana mwalimu wa Kilimo alisimama mlangoni akauliza kama naweza kushuka shambani. Wanafunzi wake wameona wadudu kwenye sukumawiki, na picha za kitabu chao ni nyeusi na nyeupe, hazitofautishi mdudu na mdudu. Jumatatu nitashuka na daftari langu.