Anemoni na samaki klauni sebuleni: vile nilivyoweza hapa Malindi

Kitu cha kwanza nilichotoa kwenye tangi ni hita. Manake ukisoma maelezo ya kufuga hawa samaki, karibu yote yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wao shida yao ni kupasha maji moto na sisi Malindi shida yetu ni kuyapoza, na hilo hakuna anayekwambia. Sasa hivi nina anemoni, yule mnyama laini wa baharini anayejishika kwenye mawe na mwenye minyiri kama vidole inayochoma, na klauni wawili, samaki wadogo wanaokaa ndani ya minyiri hiyo, wanaishi vizuri kabisa, wamezoea, wanakula, na kwa vile naulizwa sana nimeona niandike vile nilivyofanya.

Tangi nilinunua kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa anarudi kwao, anauza kila kitu cha nyumba, friji, vitanda, mpaka sufuria. Ni la kioo, urefu mita moja, upana sentimita 45 na kimo 45, yaani kama lita 200 ukijaza mpaka juu. Lilikuja na pampu mbili, taa za LED, skima ile ya kutoa uchafu kwa mapovu, na mawe yake makavu ya miamba. Hayo mawe ndiyo yaliyonifurahisha zaidi, sababu sikutaka kabisa kwenda kuokota mawe baharini. Paki yetu ya bahari ipo tangu 1968 na mle ndani huokoti hata kombe, na nje ya paki pia kukamata samaki wa mapambo ni kazi ya watu wenye leseni, mimi wangu wote nilinunua kwa mzamiaji wa namna hiyo. Kama wewe mpango wako ni miwani na ndoo ukajichotee mwenyewe, basi tuachane hapa hapa.

Mawe makavu hayana uhai, ikabidi niyasubiri. Iko hivi: mavi ya samaki na chakula kilichobaki vikioza vinatoa amonia, hiyo ni sumu, alafu kuna bakteria wanaokaa kwenye mawe wanaigeuza iwe naitraiti, nayo bado sumu, kisha wengine wanaigeuza naitreti ambayo ikiwa kidogo haina neno. Kuwapata hao bakteria unatia kipande cha kamba wa kuliwa kwenye tangi lenye maji bila samaki kioze, unapima na vile vichupa vya kupimia mpaka amonia na naitraiti zote zisome sufuri. Kwa kawaida ni wiki nne mpaka sita, mawe yakiwa makavu huenda zaidi, na muda wote huo wewe unaangalia mawe na maji tu. Ami yangu alipita akakaa kitambo akilitizama tangi akaniuliza, "Mwanangu, hao samaki wenyewe wako wapi?" Nikamwambia ami, bado wanakuja. Akanyamaza ile kunyamaza ya watu wazima.

Na hapo ni kwa samaki. Anemoni ni mbali zaidi, yeye asiingie tangi halijatimiza miezi sita, na mimi nilimngojea zaidi ya hapo. Mi naona watu wengi wanakosea mpango, wananunua samaki kwa sababu ya rangi alafu anemoni ni pambo la samaki. Ni kinyume. Anemoni ndiye mwenye nyumba na klauni ni mpangaji, taa, mkondo wa maji, chumvi, joto, vyote upange kwa ajili ya anemoni, samaki ataridhika tu. Klauni anaweza kuishi bila anemoni kwenye tangi miaka na miaka, kitakachokutoa jasho ni anemoni.

Sasa maji. Wenzetu wa mbali wananunua chumvi ya paketi wachanganye, sisi bahari tunayo lakini si kila siku bahari ya Malindi inafaa kuchotwa. Mto Sabaki unaingia baharini hapo juu kidogo ya mji, na mvua zikinyesha huko bara unakuja na udongo mwekundu mpaka maji ya ghuba yanakuwa kahawia. Wakati wa kusi ule udongo unasukumwa kaskazini kuelekea Mambrui na Ngomeni, kaskazi ikianza unarudi upande wetu, ndio maana mvua za vuli zikikutana na kaskazi maji ya hapa mjini hayafai. Siku hizo natuma bodaboda na mitungi upande wa Mayungu. Alafu kuna mzee mmoja mvuvi nilimuamkia siku moja pwani nikamueleza nataka maji safi ya nini, hakucheka, akaniambia chota bamvua maji yakiwa yamejaa kabisa, usichote yakipwa, manake yakipwa unachota takataka za ufukweni, na mvua ikinyesha usubiri, maji matamu yanakaa juu. Nimefuata hivyo hivyo mpaka leo.

Nikifika nyumbani nayapitisha kwenye kitambaa kizito, nayaweka kwenye pipa lenye kifuniko, gizani, na pampu ya hewa ikichemka humo siku kadhaa ili vidudu vidogo vilivyomo vife na vitulie chini, ndio niyatumie. Kila wiki natoa lita 20 natia lita 20, mtungi mmoja, hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya tangi na inatosha.

Lakini kuna maji mengine hayo ya kufidia, na hapa makini. Maji ya tangi yanapungua kila siku kwa mvuke, na kinachoondoka ni maji matamu, chumvi inabaki pale pale. Ukifidia na maji ya bahari chumvi inazidi kupanda. Unafidia kwa maji matamu. Ya mfereji yanayotoka Baricho yametiwa klorini, ya kisima hapa kwetu yana chumvi chumvi na madini, kwa hivyo mimi nanunua yale ya mitungi yaliyochujwa kwa mashine ya RO, ya kunywa. Ndio, samaki wangu wanakunywa maji ya kununua, mama watoto ameshalisema sana hilo. Chumvi napima kwa refraktomita na naitaka isome 1.025 ama 1.026, ambayo ni kama gramu 35 kwa kila kilo ya maji, sawa na bahari yenyewe. Anemoni hapendi kupandishwa na kushushwa, bora isimame hapo hapo.

Joto nalo. Mwezi wa tatu hapa Malindi sebule yenyewe ni tanuri na maji ya tangi yalikuwa yanafika 31, hiyo ni juu mno. Anemoni ana mwani mdogo sana anaoishi ndani ya mwili wake, huo mwani unatumia mwanga kutengeneza chakula na yeye anakula humo, maji yakichemka anautoa mwani wote anabaki mweupe, anaanza kufa njaa. Ni kile kile kilichokuta matumbawe ya huku kwetu 1998 mwaka wa El Niño, miamba mingi ilikuwa myeupe kisha ikafa. Mashine ya kupoza maji bei yake sikuiweza. Nilichofanya ni kufungua kifuniko cha juu nikaweka wavu ili samaki wasiruke, nikafunga feni mbili ndogo za kompyuta zinapuliza juu ya maji. Ule mvuke ndio unaopoza, inashuka digrii mbili tatu, mi naridhika ikikaa 27 na siku mbaya sana 28. Bei yake ni kwamba maji yanapungua haraka zaidi, siku ya jua kali hata lita tatu, kwa hivyo mtungi wa RO uwe tayari saa zote. Na taa nimezihamishia usiku, zinawaka kuanzia jioni kwa muda wa masaa tisa hivi, ili joto la taa lisikutane na joto la mchana.

Kuchagua nani akae na nani nilifikiria kidogo. Klauni wa bahari yetu si yule wa machungwa mwenye mistari mitatu unayemuona kwenye madaftari ya watoto, huyo hayuko kwetu. Kwetu wapo wawili wa kuonekana. Kuna yule wa pinki mwenye mstari mweupe mgongoni kuanzia mdomoni, Amphiprion akallopisos, mzuri sana na mpole, lakini anemoni anaowapenda ni wale wakubwa wanaotanuka mpaka karibu mita nzima, tangi langu lote lingekuwa mtu mmoja. Wa pili ni Amphiprion allardi, mweusi wa kahawia, mapezi ya manjano, mikanda miwili myeupe. Huyu anakubali anemoni mwenye vidole vyenye uvimbe nchani, Entacmaea quadricolor, ambaye ndiye mvumilivu kuliko wenzake wote wa kufugwa. Nikachukua hao.

Anemoni alikuja asubuhi mapema ndani ya kikasha cha barafu ili asipigwe na jua njiani, mguu wake mzima haujachanika, mdomo umefunga, minyiri inanata ukigusa. Hivyo ndivyo vya kukagua kabla hujatoa pesa, ukiona mdomo uko wazi umelegea achana naye. Nikamwingiza polepole kwa mpira mwembamba unaodondosha maji ya tangi kwenye ndoo yake, zaidi ya saa moja, kisha nikamuweka kwenye ufa wa jiwe nikazima pampu mpaka ashike.

Akashika. Asubuhi hayupo. Anemoni anatembea jamani, watu hawajui, anatambaa na ule mguu wake mpaka apate pahali panapomfaa kwa mwanga na mkondo, na usipomjulia anaishia kwenye mdomo wa pampu anasagwa na tangi zima linaoza kwa siku moja. Mimi pampu zote nilizivisha sponji nene kabla hajaja, kwa hivyo nilimwacha azurure. Alikwenda nyuma ya jiwe, akapanda kioo, akarudi, mwisho akaingiza mguu kwenye tundu moja juu ya mawe akatulia, na ile tundu si ile niliyomchagulia mimi. Usimng'oe kwa vidole hata akikaa pahali pabaya, mguu ukichanika ndio basi, geuza pampu impulizie na yeye mwenyewe atahama. Na usishtuke akinywea akawa kama kifundo na kutema vitu vya kahawia, anajisaidia, baadae anatanuka tena. Shida ni akikaa amenywea siku nyingi, mdomo wazi na ananuka, huyo mtoe mara moja.

Klauni nilitia baada yake, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, na kimakusudi. Hawa wote huzaliwa madume, yule mkubwa ndiye anayegeuka kuwa jike na wa pili anabaki dume lake, jike akifa dume linapanda cheo linakuwa jike. Ukileta wawili wanaolingana watagombana kwanza. Hawakumkimbilia anemoni siku hiyo, walikaa kona moja wakimtizama, kisha yule mkubwa akawa anamgusa kwa mkia anatoka, anagusa anatoka, anajipaka ute polepole mpaka minyiri ikaacha kumchoma, na mwisho akalala humo. Tangu hapo nikitia mkono kusafisha kioo ananing'ata, na si mchezo, anaacha alama.

Chakula sina siri. Kamba wa Ngomeni, wabichi, nawaosha na kuwakatakata nagandisha kwenye friji, samaki wanapata vipande vidogo kila siku na anemoni kipande cha ukubwa wa kucha mara moja au mbili kwa wiki. Klauni wenyewe wakishiba huwa wanabeba kipande wanampelekea anemoni, raha kuangalia.

Majirani wengine wa tangini ni kamba msafishaji mmoja na konokono wa kula mwani. Kipepeo nilimkataa ingawa kila mgeni anamtaka, wengi wao wanadonoa anemoni. Kikande anatafuna kila kitu, chewa mtoto leo mdogo kesho amemeza klauni, na tasi wa kula mwani anakua mkubwa kupita tangi na miiba yake ina sumu.

Stima ndiyo iliyonisumbua kuliko yote. Maji ya moto yanashika hewa kidogo kuliko ya baridi, na taa zikiwa zimezima mwani nao unatumia hewa badala ya kuitoa, kwa hivyo pampu zikisimama saa chache tu samaki wanapanda juu wanapumua kwa shida. Nina pampu mbili za hewa za betri zinazojiwasha stima ikikatika, na pampu moja kubwa nimeiunga kwenye betri ya sola. Feni pia ziko kwenye sola. Chupa za maji yaliyoganda zinakaa friji, mchana stima ikipotea naelea moja kwenye tangi, ikiyeyuka naweka nyingine, moja moja tu usishushe joto ghafla.

Mwaka huu wamekuwa wakitaga, mayai ya machungwa kwenye jiwe kando ya mguu wa anemoni, dume anayapepea kwa mapezi mchana kutwa na baada ya wiki moja hivi yanaanguliwa usiku. Watoto sijawakuza, wanataka chakula hai kidogo kisichoonekana kwa macho na hiyo ni kazi nyingine nzima.

Nikienda Lamu kwa Maulidi tangi anabaki nalo mpwa wangu. Mtungi wa buluu nimeuandika MATAMU, huo ndio wa kufidia mpaka kwenye alama ya wino kwenye kioo, wa manjano wenye maji ya bahari asiuguse mpaka nirudi. Chakula cha samaki namgandishia kwenye vikaratasi, kimoja siku moja, manake ukimwachia kopo atawalisha mpaka maji yachafuke. Anemoni asimpe kitu, wiki moja bila kamba hafi, taa zinamtosha.